Who Killed Captain Alex? ni filamu ya usasaleo, au tunaivisha joho lisilo lake?

#1 Mwalimu_Busoga

Salaam wanajamvi. Nafundisha Kiswahili na kusimamia klabu ya fasihi katika sekondari moja huku Busoga. Muhula huu wanafunzi wa S5 waliomba wachambue filamu badala ya riwaya, nikakubali. Wakachagua Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., ile iliyotengenezwa Wakaliga, mtaa wa Kampala, mwaka 2010. Swali lao la mradi: ni mbinu gani za usasaleo (postmodernism) zinazoonekana humo?

Binti mmoja ameleta mambo matatu. Kwanza, sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayeongea juu ya filamu, inayoingilia hadithi kila baada ya sekunde chache. Pili, uigaji wa wazi wa filamu za Hong Kong na Hollywood. Tatu, filamu inauliza nani kamuua Alex, halafu inakwisha bila kujibu.

Mwenzangu wa idara ya Kiingereza akaisoma kazi, akasema: "Hizi si mbinu, ni ukosefu wa pesa. Huwezi kumsifu mtu kwa kuvunja kanuni ambazo hakuwa na uwezo wa kuzifuata." Siku ya tatu leo maneno hayo hayajanitoka. Moyo wangu uko na yule binti, ila hoja ya kumjibu mwenzangu sina. Nisaidieni.

#2 Boda_Nateete

Mwalimu, mimi kijiwe changu ni Nateete, Wakaliga ni hapo tu. Mwenzako ana haki. Zile bunduki ni vyuma chakavu, Dauda Bisaso ndiye alikuwa anaziunda. Damu ni rangi ya chakula ndani ya kondomu. Helikopta inayolipua Kampala imechorwa kwenye kompyuta ambayo Nabwana mwenyewe aliiunganisha kwa vipuri. Filamu nzima inasemekana haikufika dola 200. Hapo usasaleo umeingilia wapi? Watu walikuwa na hamu ya kutengeneza filamu, wakaitengeneza kwa walichonacho. Wala si aibu kusema hivyo, kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yao.

#3 Msomaji_Wandegeya

Tuanze na istilahi, maana bila hiyo tutazunguka mbuyu. Mwanafalsafa Mfaransa Lyotard alipoandika mwaka 1979 alisema kiini cha usasaleo ni kutoyaamini tena masimulizi makuu, yale yanayodai kueleza kila kitu: maendeleo, ukombozi, sayansi. Mhakiki Mmarekani Jameson yeye alikazia pastishi, yaani kuiga mitindo ya zamani bila nia ya kumcheka anayeigwa. Parodia ina shabaha, pastishi haina. Ongeza mwingilianomatini, yaani kazi moja kubeba mwangwi wa kazi nyingine, mpangilio wa wakati unaovurugwa, kazi inayojitangaza kuwa ni kazi ya kubuni, na mipaka ya sanaa ya juu na ya mtaani kufutwa.

Captain Alex inapita karibu mitihani yote hiyo. Bruce U, yule mpiganaji ndugu yake Alex, ni nani kama si mwingilianomatini unaotembea kwa miguu miwili?

Kuhusu hoja ya pesa: nia ya mtunzi si hakimu pekee wa maana. Mwanafunzi anachambua kilicho kwenye skrini, hachambui mfuko wa mtengenezaji.

#4 Mama_Bombo

Wanangu, mnazungumza kana kwamba VJ alizaliwa na hiyo filamu. Mimi nimekulia Bombo. Miaka ya tisini tulikuwa na kibanda cha mbao na mabati, jenereta nyuma, pazia jeusi mlangoni. Filamu inaletwa ya Kichina, hakuna ajuaye Kichina. Basi anakaa kijana mbele na maikrofoni, anatufasiria. Kufasiri kwenyewe ndiyo huko! Jambazi wa Hong Kong anapewa jina la mkopeshaji wa mtaani kwetu, askari anapewa jina la mwenyekiti wa kijiji. Yakianza mapenzi anawakemea watoto wafumbe macho. Filamu ikichosha anaichangamsha. Kibanda kilichokuwa na fundi wa kusema kilijaa, na kilichoonyesha filamu tupu kilibaki na mbu.

Anachofanya VJ Emmie ndicho hicho hicho. Bibi yangu akitamba hadithi jioni naye alikuwa hivyo hivyo, akiisimamisha hadithi amkaripie anayesinzia. Na bibi hakumsoma Lyotard.

#5 Kijana_wa_Busia

Mama Bombo umenigusa sana. Ila huoni kwamba unathibitisha hoja ya binti? VJ anapomkumbusha mtazamaji kwamba hii ni filamu, anavunja ukuta wa nne. Ndiyo mbinu ya Brecht, yule mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, ya kumtenga mtazamaji na hadithi ili afikiri. Brecht ni usasaleo, basi VJ ni usasaleo.

#6 Msomaji_Wandegeya

@Kijana_wa_Busia hapana. Brecht alifariki mwaka 1956 na anawekwa upande wa usasa. Kuvunja ukuta wa nne peke yake hakutoshi kuifanya kazi iwe ya usasaleo. Tena Brecht alitaka mtazamaji apoe, akae pembeni apime. VJ anafanya kinyume chake, anampandisha mtazamaji jazba. Akipaza sauti "Movie! Movie! Movie!" kibanda kinaruka.

#7 Kijana_wa_Busia

Nimesahihishwa, asante. Lakini nawe ulisema Captain Alex "inapita karibu mitihani yote", na mmoja wa mitihani ni kazi kujitangaza kuwa ya kubuni. Sasa unasema hautoshi. Mtihani gani huo mtu anaufaulu halafu haumsaidii?

#8 Nyabo_Arua

Hapo amekubana, Msomaji. Kunywa maji kwanza.

Mimi naongeza kimoja. Japani enzi za filamu bubu kulikuwa na wasimulizi wakiitwa benshi. Walisimama kando ya skrini wakieleza, wakiigiza sauti za wahusika wote, na wengine walipendwa kuliko waigizaji waliokuwa kwenye filamu. Hiyo ni miongo mingi kabla ya huo usasaleo. Kenya wana DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu. Kwa hiyo popote filamu ngeni ilipokutana na watu wenye masimulizi yao, alizuka mtu wa katikati. Mimi naiona hiyo kama desturi ya kupokea mgeni, wala sioni falsafa hapo.

#9 Fundi_Kasese

Habari za huku milimani. Tuko na vibanda vyetu pia, na kwetu anayefasiri huchanganya Kiswahili cha Kongo, Lukonzo na Luganda, na watu wanaelewa bila shida.

Nataka kurudi kwa Bruce U, maana Msomaji amempita mbio. Bruce Lee alikufa mwaka 1973. Baada ya hapo watengenezaji wa Hong Kong wakatafuta wanaofanana naye, wakawabandika majina: Bruce Li, Bruce Le, na wengine. Filamu zao zilisambaa dunia nzima, na hata kwetu wapo waliokua wakidhani wanamwona Bruce Lee mwenyewe kumbe ni hao. Sasa anatokea Bruce U, Bruce Lee wa Uganda. Huyu anamwiga nani hasa? Anawaiga walioiga. Mwanafalsafa Mfaransa Baudrillard mwaka 1981 aliandika juu ya nakala ambayo asili yake haipo tena. Mimi nikiwa mwalimu, aya hiyo ningeipa alama zote.

Kuna lingine linalonishangaza zaidi. Nabwana amesimulia mara nyingi kwamba utotoni hakuwa akienda kuona filamu. Kaka yake ndiye aliyekwenda, akirudi anamsimulia: nani kapiga teke, nani karuka kutoka wapi. Yaani alizijua filamu kwa masikio kabla ya macho. Akija kutengeneza yake, anaiga picha alizozijenga kichwani kutokana na maneno ya kaka. Sijui mnaiitaje mbinu hiyo, ila mimi ikinijia nasisimka mwili.

#10 Mama_Bombo

Fundi, hilo la kaka ndiyo fasihi simulizi yenyewe. Asante kwa kulileta.

#11 Boda_Nateete

Bado nashikilia langu. Mnapanda ngazi mpaka mawinguni. Waigizaji wa pale walikuwa wanabeba DVD mkononi, wanagonga mlango kwa mlango, wanagawana faida na studio, na wanakimbizana na siku kabla wanaodurufu hawajaingia sokoni. VJ yupo kwa sababu DVD bila VJ hainunuliki hapa mjini. Soko ndilo lililomweka. Ukitaka maelezo, ndiyo hayo.

#12 Nyabo_Arua

Kweli kabisa kwa soko la ndani. Ila kuna soko la pili ambalo hujalitaja. Ile inayotazamwa YouTube tangu Machi 2015 VJ anasema Kiingereza. Kule Wakaliga nani alimhitaji VJ wa Kiingereza? Hiyo sauti inamlenga mtazamaji wa ng'ambo, inampeleka kibandani bila yeye kupanda ndege. Ndiye huyo aliyeipa sifa ya "inajichezea yenyewe". Mwaka 2019 tamasha la Toronto likaonyesha filamu yao nyingine, Crazy World, katika kipindi cha usiku wa manane, na 2022 wakaalikwa Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa kule Kassel, Ujerumani.

Mwaka 1991 mwanafalsafa Kwame Anthony Appiah aliuliza katika makala yake kama ule "baada ya" wa baada ya usasa ndio ule ule wa baada ya ukoloni. Alionyesha kwamba kazi ya Mwafrika inaweza kuonekana ya usasaleo machoni pa mnunuzi wa New York wakati aliyeitengeneza hana habari na ugomvi huo. Alitumia mfano wa sanamu ya Kiyoruba ya mtu mwenye baiskeli. Mwalimu, mpe binti makala hiyo. Ni ngumu, lakini kurasa za mwanzo atazimudu.

#13 Msomaji_Wandegeya

Maji nimekunywa, nyabo. Nakubali nilisema kwa pupa. Ila ukimfuata Appiah mpaka mwisho hatutaweza kuiita kazi yoyote ya Mwafrika ya usasaleo, na hilo si kweli. Kezilahabi katika riwaya zake Nagona na Mzingile alijua anachofanya: wakati unazunguka, mhusika hana jina thabiti, falsafa na ndoto vimechanganywa. Hakuna aliyesema ni kwa kukosa karatasi za kutosha.

#14 Kijana_wa_Busia

Kezilahabi alikuwa profesa, Nabwana alikuwa akifyatua matofali. Ndiyo maana mmoja tunamwamini kuwa alikusudia na mwingine tunamnyima. Hilo linanikera na nalisema wazi.

#15 Mwalimu_Busoga

Sikutarajia mchango mzito hivi. Asanteni sana. Kijana wa Busia, bandiko lako la 14 nililisoma kwa sauti darasani, wakapiga meza.

Kwa ruhusa ya binti naweka hapa aya yake moja, mumsaidie:

"Katika filamu za upelelezi, swali la mwanzo ni deni na jibu la mwisho ni malipo. Filamu hii inakopa na hailipi. Watu wa Richard, mkuu wa Tiger Mafia, wanatumwa kumkamata Captain Alex, lakini anakutwa ameshauawa. Ndugu yake Bruce U anakuja kulipiza kisasi bila kujua alipize kwa nani. Mapigano yanaongezeka lakini ujuzi wetu hauongezeki. Mimi nilipotazama mara ya kwanza nilingoja jibu. Mara ya pili nikaona kwamba hata wahusika wameacha kuuliza. Nadhani filamu inasema kwamba vita vikishaanza, aliyevianzisha husahauliwa."

#16 Mama_Bombo

Huyu mtoto ana miaka mingapi? Nimeisoma mara mbili. Sisi tuliopita vita vya mwaka 1979 na themanini na kitu hapa Luwero tunalijua hilo la mwisho bila kufundishwa. Mwambie bibi yake wa Bombo amempenda.

#17 Fundi_Kasese

Aya nzuri mno. Shauri langu la kiufundi: sentensi ya mwisho ni nzito na imesimama peke yake. Achukue pigano moja tu, ataje nani yuko mbele ya kamera, VJ anasema nini wakati huo, halafu aonyeshe kama kuna yeyote anayemtaja Alex. Mbinu, ushahidi, athari, kwa mfuatano huo. Orodha ya mbinu kumi bila tukio hata moja haimsaidii msahihishaji.

Na kama mna muda, mlinganishe na Lola rennt ya Mjerumani Tom Tykwer, 1998. Msichana ana dakika 20 apate marka 100,000 amwokoe mpenzi wake. Hadithi inachezwa mara tatu, kila mara badiliko dogo linaleta mwisho tofauti. Pale majibu ni mengi kupita kiasi, huku jibu halipo kabisa. Na yule Mjerumani hakuna anayemuuliza alikuwa na shilingi ngapi.

#18 Boda_Nateete

Hapo kwenye shilingi umenipata kidogo. Kidogo tu.

Ila aya ya binti naomba niipinge. Labda jibu halipo kwa sababu walitaka kutengeneza sehemu ya pili. Filamu ngapi mnazijua zinaacha mlango wazi ili watu wanunue inayofuata?

#19 Nyabo_Arua

Inawezekana. Na inawezekana pia toleo lenyewe limetupotezea kitu. Filamu ya asili, ile isiyo na sauti ya VJ, haipo tena. Kilichobaki ni nakala ya DVD yenye VJ juu yake. Kwa hiyo hatuwezi kuitenganisha filamu na msimulizi wake, tutake tusitake. Wahusika wanasema Kiluganda, VJ anawafunika kwa Kiingereza, sisi tunasoma maandishi chini. Tabaka tatu, na la chini kabisa limezama. Anayesema "filamu yenyewe" hapa anazungumzia kitu ambacho hakuna awezaye kukitazama leo.

#20 Msomaji_Wandegeya

Bandiko la 19 ndilo bora katika uzi huu. Kama mswada wa kale ambao maelezo ya pembeni yamemeza matini.

#21 Mwalimu_Busoga

Narudi na habari. Ijumaa tulionyesha filamu ukumbini kwa S4 hadi S6, projekta ya kuazima, spika za kanisa. Dakika ya arobaini hivi umeme ukakatika. Tukangoja robo saa, haukurudi. Nilikuwa nimesimama niwaruhusu waondoke, mvulana mmoja wa S4, mkimya ambaye sijapata kumsikia akijibu swali darasani, akapanda kwenye benchi na kuendelea na filamu. Alikuwa ameshaiona kwa simu ya shangazi yake. Akapiga mateke kwa maneno, akalipua Kampala kwa mdomo, akageuza majina: Richard akawa karani wa jikoni, Bruce U akawa kiranja mkuu. Giza totoro, wanafunzi zaidi ya mia mbili wanapiga kelele. Mwenzangu wa Kiingereza alikuwa kando yangu, na nilimsikia akicheka.

Alipofika mwisho mtu akauliza kutoka gizani, "Sasa nani alimuua?" Yule kijana akajibu hapo hapo: "Mpishi wa maharage!" Ukumbi ukavunjika.

Sasa naombeni mnisaidie: kile walichokiona baada ya dakika ya arobaini kilikuwa nini? Binti anataka kukiingiza kwenye mradi wake na sijui nimwambie nini.

#22 Mama_Bombo

Mwambie akiingize! Na huyo mvulana mumtunze. Msimruhusu mtu amwambie ni mpiga kelele.

#23 Fundi_Kasese

Kaka wa Nabwana huyo, amezaliwa upya Busoga.

#24 Mwl_Kiingereza

Nimejiunga leo. Mimi ndiye "mwenzake" wa bandiko la 1. Habari zenu wote.

Nilicheka kweli, sikatai. Maneno yangu kuhusu pesa yalikuwa makali kuliko nilivyokusudia, na Kijana wa Busia amenifanya niyafikirie tena. Lakini sijashawishika. Someni tena mlichoandika. Mama Bombo anasema ni hadithi za bibi. Nyabo Arua anasema ni desturi ya kupokea mgeni, halafu baadaye ni soko la ng'ambo. Boda anasema ni soko la ndani. Fundi anasema ni kaka aliyesimulia. Kila maelezo yana nguvu, na hakuna hata moja linalohitaji neno "usasaleo". Ukilifuta neno hilo kwenye kazi ya binti, uchambuzi wake unabaki mzima. Basi linafanya kazi gani humo?

#25 Msomaji_Wandegeya

Karibu, Mwalimu. Linafanya kazi ya kumpa mahali pa kuzungumza na wanafunzi wa Kassel na Toronto waliotazama filamu hiyo hiyo. Bila istilahi ya pamoja atabaki anaongea na sisi tu.

#26 Nyabo_Arua

Na kwa nini wao wasijifunze neno "kibanda"?

#27 Mwalimu_Busoga

Nimempa binti simu asome kuanzia la 24. Ameandika mwenyewe hapa chini:

"Shikamooni. Neno usasaleo sitalifuta, nitalibakiza kwenye kichwa cha mradi likiwa na alama ya kuuliza. Lakini naomba kuuliza: yule VJ wa Luganda alisema nini kwenye vibanda mwaka 2010, kabla ya hii ya Kiingereza? Kuna mtu hapa aliyeitazama wakati ule akikumbuka?"

#28 Boda_Nateete

Marahaba, binti. Kuna mzee hapa kijiweni alikuwa na kibanda miaka hiyo. Kesho asubuhi namwendea, nitamrekodi kwa simu.